Barafu Yako Inaliwa na Nani?

SWALI: Mimi ni mama mchuuzi wa samaki, niko Kilwa Masoko. Kila wiki napeleka Dar kama kilo 60 za samaki kwa mabonge mawili ya barafu, kila moja kilo 25. Nafunga mzigo saa 2 usiku, saa 12 asubuhi niko Feri, kwenye soko la samaki. Sanduku langu ni la bati, na siku nyingi nafika na maji matupu. Jirani yangu mwenye deli, lile sanduku la kubebea barafu la povu jeupe la stairofomu, anafika na nusu ya barafu yake. Mmoja kaniambia nizungushie maranda, mwingine nitie chumvi ili barafu isiyeyuke, mwingine ananikataza kumwaga maji kwa kuwa bado ni ya baridi. Mwanangu wa kidato cha pili naye anasema nikifunika blanketi nitaipasha barafu joto. Nimsikilize yupi?

JIBU: Mama, karibu wote hao wameshika kipande cha ukweli. Wa chumvi ndiye aliyekishika kwa upande wenye makali. Mwanao nitamrudia mwishoni, maana swali lake ndilo zuri kuliko yote.

Ila nianze na wewe mwenyewe. Unasema unataka barafu isiyeyuke, na mimi nakwambia hutaki hivyo. Barafu isiyoyeyuka haimpozi samaki hata kidogo. Inapoyeyuka ndipo inafanya kazi, kwa kuwa kilo moja ya barafu ili igeuke maji lazima inyonye joto la kilojuli 334 kutoka kwa chochote kilicho jirani nayo. Hicho ni kiasi kikubwa: kingetosha kuyachukua maji hayo hayo yaliyoyeyuka, yakiwa kwenye sifuri, na kuyapandisha hadi karibu nyuzi 80. Na wakati wote barafu inapoyeyuka, yenyewe inakaa palepale kwenye sifuri, haipandi.

Kwa hiyo kila kilo uliyonunua ni salio kwenye simu. Likitumika limetumika. La kuuliza ni nani amepiga simu: samaki, au bati?

Tupige hesabu ya mzigo wako. Samaki wa pwani yetu anatoka majini akiwa na joto la nyuzi 28 hivi. Mwili wake kwa sehemu kubwa ni maji, hivyo kumshusha hadi sifuri kila kilo inadai kama kilojuli 100. Kilo 60 zinakula kilo 18 za barafu. Hizo ni halali, ndizo ulizozitolea pesa. Lakini ukimwacha samaki juani pale ufukweni hadi afike nyuzi 35, zinakuwa kilo 22 na ushee kabla gari halijawaka. Kivuli cha mnazi nacho kina bei yake.

Uliondoka na 50, samaki wamechukua 18, zimebaki 32. Sasa tuliangalie sanduku. La kubeba mzigo huo litakuwa na urefu wa sentimita 80 hivi, upana 50, kimo 45. Pande zote sita ukizijumlisha unapata karibu mita 2 za mraba. Nikichukua joto la nje nyuzi 30, bati tupu linaingiza joto la wati 300. Hiyo ni sawa na kuwasha balbu tano za zamani, zile za wati 60, ndani ya sanduku la samaki na kulala nazo hadi asubuhi. Kwa saa 10, balbu hizo zinayeyusha kilo 32.

18 na 32 ni 50. Maji matupu. Sitaki kujifanya kwamba hesabu ya makadirio inaweza kuwa sahihi kiasi hicho, usiku wa baridi ungepunguza na jua la jioni lingeongeza, lakini unaona mwizi ni nani na ameiba kiasi gani.

Bati halina ubaya wa moyo, lina haraka tu. Chuma hupitisha joto kama mara 300 kuliko mbao kavu, na alumini zaidi ya mara 1,000. Ndiyo maana alfajiri ukigusa bati linakuuma kwa baridi kuliko ubao uliolala pembeni yake, ingawa vyote vimelala nje na joto lao ni moja: bati linakunyang'anya joto la kiganja mbiombio, ubao unalichukua polepole. Kinacholinda sanduku la bati kidogo ni utando mwembamba wa hewa unaonata juu ya uso wake, nje na ndani. Gari likishika kasi baada ya Somanga, upepo unaukwangua utando wa nje, na joto linaingia kwa kasi zaidi. Anayesema upepo wa usiku unapoza mzigo anasahau kwamba upepo huo una nyuzi 26 na barafu ina sifuri. Upepo unakupoza wewe kwa sababu mwili wako una joto kuliko huo upepo, na unatokwa jasho.

Sasa badili ukuta, sanduku liwe la ukubwa ule ule, saa zile zile 10. Mbao ya sentimita 2 itakula kilo 19. Stairofomu, lile povu jeupe linalokuja na televisheni mpya, ikiwa na unene wa sentimita 2 na nusu, itakula kilo 7. Ikiwa sentimita 5, kilo 4. Hebu zitazame namba hizo mara mbili. Kutoka bati hadi povu jembamba umeokoa kilo 25, yaani bonge zima la barafu kila safari. Kuongeza unene maradufu umeokoa kilo 3 tu. Kwa hiyo kwa safari ya usiku mmoja usiingie deni kununua deli nene la bei mbaya. Unene ni wa mtu anayekaa baharini siku tatu nne. Na hesabu ya jirani yako ndiyo hiyo: 18 za samaki na 7 za ukuta, anabakiwa na 25. Nusu kamili.

Kama pesa ya deli haijapatikana, maranda yanafaa, na aliyekushauri hakukosea. Unga wa mbao mkavu wa sentimita 10 unazuia joto sawa na povu la sentimita 5. Kazi kubwa haifanywi na mbao zenyewe, inafanywa na hewa iliyonaswa katikati ya chembe ikakosa pa kuzungukia. Hewa iliyotulia ni kizuizi kikubwa cha joto. Povu, sufi, manyoya, blanketi, vyote ni njia mbalimbali za kuifunga hewa isitembee. Pumba za mpunga, ambazo pale Rufiji watu wanazichoma tu, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, haviko mbali na maranda.

Watu wametajirika kwa ujanja huo. Mfanyabiashara mmoja wa Boston, Marekani, Frederic Tudor, alianza mwaka 1806 kupeleka barafu ya mabwawa ya kwao hadi kisiwa cha Martinique, kwenye joto kama letu. Watu walimcheka. Mwaka 1833 meli iitwayo Tuscany ilipakia tani 180 za barafu Boston, ikasafiri miezi minne, ikavuka ikweta mara mbili, na kufika Calcutta, India, na karibu tani 100 zikiwa bado ngumu. Hakukuwa na jokofu duniani la kubeba mzigo ule. Biashara hiyo baadaye ikategemea sana unga wa mbao wa viwanda vya kupasulia magogo vya Maine, taka ambayo wenyewe walikuwa wakihangaika pa kuitupia.

Lakini maranda yana sharti moja, nami nililijifunza kwa aibu. Nilipokuwa fundi kijana nilikishauri kikundi kimoja cha wavuvi watengeneze sanduku la kuta mbili za mbao na katikati wajaze maranda. Wiki ya kwanza walinisifu. Wiki ya tatu nikaitwa. Nilipobandua ubao mmoja, kilichotoka ni uji wa kahawia unaonuka kama matumbo ya samaki, na sanduku lilikuwa zito hata watu wanne hawalinyanyui. Barafu ilikuwa inaisha haraka kuliko kabla ya ushauri wangu! Maji yalikuwa yamepenya kwenye maungio, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Maranda yaliyolowa si kizuizi tena, ni daraja. Kwa hiyo yafunge kwanza kwenye mifuko ya nailoni, mdomo wa mfuko uukunje mara mbili na kuuyeyusha kwa moto, ndipo uyapange kati ya kuta. Usiyamwage moja kwa moja juu ya barafu itakayogusa samaki. Wauza maji na soda wanaweza kufanya hivyo, wewe huwezi; mteja wa Feri akikuta maranda kwenye matamvua anashusha bei bila kukuuliza.

Kuhusu bonge na barafu iliyopondwa, hapa watu wengi huchanganya. Bonge la kilo 25, ukilichukulia kama mche wenye sentimita 30 kila upande, lina uso wa nusu mita ya mraba na ushee kidogo. Livunje vipande vya sentimita 3 unapata vipande 1,000, na uso wote pamoja umekuwa mara 10. Barafu ni ile ile, kilo ni zile zile, ila sasa joto lina milango mara 10 ya kuingilia. Kwa hiyo bonge linadumu na iliyopondwa inapoza. Tani zile za Calcutta zilisalimika kwa sababu hiyo pia: rundo kubwa lina uso mdogo kwa kulinganisha na uzito wake.

Wewe unavihitaji vyote viwili, kwa zamu. Ipeleke barafu ikiwa bonge mpaka pale unapofungia mzigo, imefungwa gunia kavu na kukaa kivulini. Iponde dakika ile samaki wakiwa tayari, usiiponde alasiri kwa sababu kijana wa nyundo anataka kuwahi kwenda. Halafu samaki asilale juu ya barafu tu kama yuko kitandani; amezwe. Barafu chini, safu ya samaki, barafu, safu ya samaki, na tabaka nene kuliko yote liwe juu, kwa kuwa maji ya sifuri yanayochuruzika ndiyo yanayobeba ubaridi hadi kwenye mikunjo ambayo kipande cha barafu hakifiki. Nguru na kolekole wakubwa watie barafu tumboni baada ya kuwatoa utumbo. Mnofu mnene unachelewa kupoa, na unaanza kuharibika ndani wakati ngozi iko baridi kabisa. Wataalamu wa uvuvi katika nchi za joto hupendekeza kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, kwa hiyo 50 zako kwa 60 haziko mbali, mradi sanduku lisizile.

Barafu unayonunua itazame kabla ya kulipa. Ikiwa inang'aa kwa maji na inateleza, imeanza kutumika. Unalipia maji kwa bei ya barafu. Iliyotoka baridi kweli, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ni kavu, ina ukungu juu, inanata kwenye vidole, na ina nyongeza ya karibu asilimia 11 ya uwezo kwa sababu lazima kwanza ipande hadi sifuri ndipo ianze kuyeyuka. Ile nyeupe yenye povu ndani na ile ya kioo safi, kwa kilo hazina tofauti ya maana.

Haya, chumvi. Chumvi haizuii barafu kuyeyuka, inaihimiza. Maji ya chumvi hugandia chini ya sifuri, kwa hiyo barafu iliyonyunyiziwa chumvi inajikuta haina haki ya kubaki ngumu kwenye sifuri. Inayeyuka, na joto la kuyeyukia inalinyonya kwa jirani na kwa yenyewe. Mchanganyiko unashuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri bila taabu, na ukipatia kipimo, hadi 21 chini. Mkono wako unahisi baridi kali na unaamini barafu imeongezewa nguvu. Kumbe salio ni lile lile, linatumika mbio tu, na ukuta nao unazidisha wizi kwa kuwa tofauti ya ndani na nje imeongezeka. Chumvi ni ya kutengenezea aiskrimu. Kwa samaki wabichi inaweza kuwagandisha ngozi, na mnunuzi wa Feri atasema ni wa friza. Aliyekushauri nadhani alimwona mvuvi akichanganya barafu na maji ya bahari. Hilo ni jambo jingine, na ni zuri: maji safi ya bahari yaliyojaa barafu yanamzunguka samaki pande zote na kumpoza upesi kuliko barafu peke yake. Litumie saa ya kwanza, kwenye pipa, kisha uwahamishie kwenye deli.

Ukitaja barafu Tanzania lazima mtu ataje jina la Mpemba, kwa hiyo nijibu kabla sijaulizwa. Erasto Mpemba, mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alitia kwenye friza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alichekwa darasani, lakini mwaka 1969 yeye na mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, Denis Osborne, wakalichapisha jambo hilo, na mpaka leo wanafizikia wanabishana juu yake. Lakini lile linahusu kuganda. Lako ni kuyeyuka, nako hakuna fumbo.

Maji yanayotoka: yamwage. Anayekukataza ana hoja kwa mtu wa soda, maana maji yenye nyuzi sifuri hayaidhuru barafu iliyomo ndani yake, na chupa inapoa vizuri zaidi ikiwa imezama. Kwa samaki hoja hiyo inakufa. Yale si maji tena, yana damu, ute na vijidudu, na samaki wa chini akiogelea humo saa 10 anafika amepauka macho. Toboa tundu dogo pembeni kabisa mwa sakafu ya deli, liinamishe kidogo kuelekea huko, na uliache lidondoke. Barafu utakayopoteza kwa kumwaga ni ndogo mno kuihesabu.

Kufungua mfuniko nako watu wanakuogopa kupita kiasi. Hewa yetu ya pwani ina mvuke mwingi, na kila gramu ya mvuke inayogeuka umande juu ya barafu inayeyusha gramu saba na nusu, si mchezo. Lakini deli linafunguka juu, na hewa baridi ni nzito, inakaa chini. Hata hewa yote ikibadilika, umepoteza kama gramu 45. Fungua, mwoneshe mteja, funga. Cha kuogopa ni mfuniko uliopinda unaopumua usiku kucha bila wewe kujua. (Kilimanjaro mambo ni kinyume: kule juu hewa ni kavu na baridi, na sehemu ya barafu inapotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji, jambo linalodai joto zaidi ya mara 8 kuliko kuyeyuka. Hewa kavu ni rafiki wa barafu. Sisi wa Kilwa hatuna.)

Jua lenyewe silielezi sana, unalijua. La adhuhuri linashusha karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na turubai jeusi lililolalia mfuniko linalimeza karibu lote na kulikabidhi chini. Turubai liwe la rangi nyeupe au ya fedha, lipitishwe juu ya vijiti ili hewa ipite kati yake na deli. Na chini ya deli weka vipande viwili vya mbao. Sakafu ya gari ni chuma kilichokula jua mchana kutwa, na joto jingine linatoka kwenye ekzosi.

Sasa mwanao. Mwambie achukue vipande vinne vya barafu vilivyo sawa. Kimoja akiweke juu ya sufuria ya alumini iliyofunikwa kifudifudi, cha pili juu ya kibao cha kukatia nyama, cha tatu akiviringe kwenye kanga kavu iliyokunjwa mara nyingi, cha nne akitie kwenye kikombe cha maji ya mtungini. Nilipofanya hivyo jikoni kwangu, cha kwenye kikombe kiliisha kabla chai haijachemka. Cha sufuria kilifuata, na kilikuwa kikiteleza chenyewe juu ya maji yake kama mtoto kwenye matope. Cha kibao kilichelewa. Cha kwenye kanga nilikisahau, nikakikuta baadaye kimepungua lakini kipo.

Blanketi halina joto la kwake. Linampa joto mtu kwa sababu mtu ni jiko. Linazuia joto la mwili lisitoke. Barafu haina jiko ndani, kwa hiyo blanketi lile lile linazuia joto la nje lisiingie. Kwa hiyo hadi utakapopata deli, zungushia sanduku lako blanketi mbili nene pande zote, chini pia, na juu yake nailoni zisilowe. Chagua za zamani, ambazo hamzilalii tena. Harufu ya nguru haitoki.